Meza Mbili za Pandembili

Anayetaka kujua njia ya kwenda Pandembili asinisumbue. Njia ipo, na wanaoijua ni wengi kuliko wanaokiri. Mimi nasimulia ya Mashavu binti Shaame, dhobi wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili, aliyefika huko Jumatano asubuhi akiwa na barua mkononi na furushi kichwani. Ndani ya furushi mlikuwa na shuka mbili nyeupe, alizozifua, akazitia wanga na kuzipiga pasi kwa mikono yake mwenyewe.

Barua ilitoka kwa mdogo wake. "Dada, nimepona. Ijumaa ni Sherehe yangu ya Kuvuka. Njoo unione. Faki." Mashavu aliisoma mara tatu, akalia, kisha akajicheka kwa kulia. Faki alikuwa amevuta unga miaka tisa. Katika miaka hiyo aliuza redio ya mama yao, akauza kitanda cha mama yao, na mama alipofariki hakuonekana mazikoni, kwa kuwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilikuwa imemlaza kwenye baraza ya watu. Sasa waliobaki duniani kutoka tumbo lile walikuwa wawili tu, na Mashavu hakuwa tayari kubaki peke yake.

Askari wa lango alilifungua furushi, akapapasa kitambaa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, hivi si vya kitandani?"

"Ni shuka, mwanangu. Wewe ulidhani vikoi?"

"Vitu vya kitanda haviingii nchini. Kitanda kinaua."

Mashavu alimtazama usoni kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akaichukua shuka ya kwanza akajifunga kiunoni, ya pili akajitanda kichwani, akapita. Askari akampigia saluti, maana sheria yake ilikataza shuka, haikumkataza mwanamke kujitanda.

Pandembili ni nchi safi. Hilo Mashavu alilikubali, naye si mwepesi wa kusifu usafi wa watu wengine. Njia zimefagiwa, watu wanaamkiana, na kila mtu shingo yake imepinda kidogo upande mmoja, kwa sababu nchi nzima hulala kwenye viti.

Habari ya vitanda ilikuwa hivi. Miaka michache nyuma, watu waliokuwa katika tiba ya ulevi walianza kufa usingizini. Walilala wazima, wakakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, wakakutwa wamepoa na midomo imegeuka rangi. Baraza la nchi likakaa siku tisa. Likaletewa daftari la vifo, likalipitia mstari kwa mstari kutafuta kitu ambacho marehemu wote walikuwa nacho, na likakipata: wote walikutwa kitandani! Vitanda vikakusanywa vikachomwa moto uwanjani, watu wakapiga makofi. Vifo havikupungua hata kimoja, ila sasa marehemu walikutwa vitini, na siku Mashavu anaingia nchini Baraza lilikuwa katika siku ya nne ya kujadili iwapo hatari iko kwenye egemeo la kiti au kwenye miguu yake.

Katikati ya mji kuna uwanja. Upande mmoja ipo Nyumba ya Unga, upande wa pili Nyumba ya Pombe, na kila nyumba ina meza yake nje ya mlango. Sheria ya kwanza inasema: mtu mmoja, ugonjwa mmoja, kadi moja. Sheria ya pili inasema kila meza ina swali lake, na muuguzi atakayeuliza swali la meza ya wenzake hufukuzwa kazi kwa kosa la kuingilia yasiyomhusu. Meza ya Unga huuliza, "Umevuta?" Anayejibu la hupewa kikombe kidogo cha sharubati ya dawa, akainywa palepale. Meza ya Pombe huuliza, "Leo umekunywa?" nayo huuliza saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo hata mlevi wa kutupwa bado anatafuta kiatu chake. Anayejibu la hupewa vidonge vya kutuliza mishipa. Hakuna anayedanganya. Wapandembili ni watu wakweli sana.

Mtu akimaliza miezi sita bila unga, anafanyiwa Sherehe ya Kuvuka. Ngoma inapigwa, jina lake linasomwa, na kama zawadi anakabidhiwa kata kubwa ya pombe aimalize kwa pumzi moja mbele ya umati. Kwani pombe ni unga? Si unga.

Mashavu alimkuta Faki amekaa kitini nje ya Nyumba ya Unga, anamenya chungwa.

"Dada! Umejitanda shuka ya hospitali?"

"Ya kwako hii. Nyamaza, nchi yenu ina wazimu."

Wakakumbatiana. Alikuwa amenenepa kidogo, kanyoa, kucha safi. Mashavu alifurahi, akaomba kiti na yeye. Wakaongea habari za nyumbani, nani kaoa, nani kahamia wapi, mwembe wa jirani uliokatwa kwa ugomvi. Halafu katikati ya sentensi Faki akanyamaza. Kidevu kikashuka kifuani, chungwa likadondoka. Akavuta pumzi moja. Kimya kirefu. Akavuta nyingine.

Mashavu alikuwa amekusanya shuka za wodini miaka ishirini na miwili, na kimya cha namna ile alikijua. Alikuwa amezitoa shuka nyingi chini ya watu waliopumua hivyo. Woga ukampanda. Akamtikisa mabega kwa nguvu.

"Faki! Leo umetumia nini?"

"Sijavuta, dada. Wallahi, miezi sita."

"Sikukuuliza umevuta. Nimekuuliza umetumia nini. Vyote. Anzia ulipofumbua macho."

Faki akamtazama kwa macho mazito. "Swali hilo huku hatuulizwi."

"Huku uko na mimi."

Akahesabu kwa vidole, polepole. Sharubati ya asubuhi. Kisha vidonge vinne vya Nyumba ya Pombe, ambako alikuwa na kadi nyingine kwa jina la Mwinyi, maana kwa jina lake asingepewa. Na kila jioni, gongo.

"Kiasi gani?"

"Si nyingi. Chupa." Akaangalia miguu yake. "Sharubati inaondoa arosto, dada. Haiondoi fikira. Nikikaa hivi hivi namwona mama. Nikinywa simwoni. Na kila kimoja ni halali, dada. Sijavunja sheria yoyote, ila hiyo ya jina."

Mashavu hakumgombeza. Alitamani, ulimi ulimwasha, lakini aliona kwamba kijana huyu hakuwa amemficha mtu kitu, ila lile jina. Nchi nzima ilikuwa haijamuuliza. Akaliokota chungwa, akamalizia kulimenya mwenyewe, akamlisha kipande kimoja kimoja ili asilale.

Alhamisi asubuhi alikwenda mezani kwa Unga. Muuguzi wa meza aliitwa Raya, mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka.

"Bi Raya, mdogo wangu Faki ananuka pombe ya jana, na vidonge vya meza ile pia anameza. Kwa nini humuulizi kama anakunywa?"

Raya alichungulia nyuma yake kwanza. "Dada yangu, pua ninayo. Mwaka wa nane huu niko mezani. Nikiuliza swali lisilo langu, kesho hapa atakaa mwingine ambaye hata harufu haisikii." Akashusha sauti. "Sharubati peke yake inamshika mtu vizuri. Vidonge peke yake, kwa anayevihitaji, havina neno. Pombe nayo mnajua wenyewe. Lakini vyote vitatu vinavuta kamba moja, na hiyo kamba ni pumzi. Ijumaa iliyopita alivuka kijana. Akaimaliza kata saa sita, akakaa kitini huku wenzake wanacheza ngoma. Alasiri walipomwamsha hakuamka. Baraza limekichukua kile kiti kwa uchunguzi."

"Basi kesho Faki ataikataa kata."

"Anayekataa kata anahesabiwa hajavuka. Anafutwa, na sharubati yake inakatwa siku hiyohiyo. Atarudi kwenye unga kabla jua halijazama." Raya akamshika mkono. "Na wewe usije ukamnyang'anya vyote kwa mara moja. Mwili uliozoea pombe ukiukatia ghafla unatetemeka, unaweza kuanguka kifafa. Anachohitaji ni mtu mmoja tu anayejua vyote anavyotumia. Mmoja, dada. Nchi hii haina mtu huyo."

Mashavu akaenda moja kwa moja barazani. Wajumbe walikuwa wameweka kiti mezani, wanakipima kwa futi. Mbele walikaa Bwana Hainihusu, mkuu wa Nyumba ya Unga, na Bwana Nendakule, mkuu wa Nyumba ya Pombe, mtu na shemeji yake, wanaume wapole, wenye adabu nyingi. Walimpa mgeni maji ya kunywa na ruhusa ya kusema.

"Waheshimiwa, shikamooni. Mnaisikia sauti yangu inavyokwaruza? Sikuzaliwa nayo. Nilikuwa na sauti ya kusomea maulidi. Mwaka wa pili wa kazi yangu, damu ilikataa kutoka kwenye shuka. Nilikuwa na dawa ya kung'arisha, nzuri, ya serikali. Nilikuwa na dawa ya kutoa kutu, nzuri vilevile. Nikasema, mbili nzuri zitafanya kazi maradufu. Nikazimimina beseni moja, ukapanda moshi wa kukaba koo. Nilitolewa pale chumbani kwa kuburutwa miguu, na sauti yangu ikabaki humohumo. Chupa ya kwanza haikuwa na kosa. Ya pili haikuwa na kosa. Beseni lilikuwa moja. Na mwili wa mdogo wangu Faki ni beseni moja, linamiminiwa sharubati, vidonge na gongo."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huzuni ya kweli.

"Sharubati ya kijana wako ni ya kipimo halali?" akauliza Bwana Hainihusu, na akajijibu mwenyewe. "Halali. Kwa upande wangu amepona."

"Vidonge ni halali kabisa," akasema Bwana Nendakule, "kama anavyo. Kwangu hakuna mtu anayeitwa Faki."

"Na pombe?"

"Hiyo umuulize shemeji," akasema Bwana Hainihusu.

"Mimi," akasema Bwana Nendakule, "nina hao waliokuja kwangu kuiacha. Huyo kaja kwa shemeji."

"Basi wanaokufa wanakufa kwa nini?" Mashavu akauliza.

"Kwa kukaa vibaya," akajibu mjumbe mwenye futi.

Bwana Hainihusu akasimama kumshukuru. Alisema hoja ya mgeni ni nzito, haijapata kusikika barazani, na kwamba ataipeleka bila kuchelewa kwenye idara ya ufuaji.

Mashavu alitoka na hasira zinamchemka, na hasira kwake ni kitu kizuri, humnyoosha mgongo. Alipofika kwa Faki alikaa mbele yake, magoti yakagusana.

"Mdogo wangu, siwezi kuikataa kata kwa niaba yako. Siwezi kukunywea. Lakini nimeitazama sheria yenu nikaona tundu, na mimi tundu kwenye nguo sijawahi kulishindwa. Hiyo kadi ya Mwinyi unayo?"

"Ninayo."

"Kesho uje nayo."

Faki alielewa, na uso ukambadilika. "Watanicheka, dada. Nchi nzima. Wanajua nimepona."

"Waliokuja mazikoni kwa mama walinicheka mimi, wakaniuliza ndugu yako yuko wapi. Sikufa." Alikuwa hajawahi kumwambia hilo. Faki akalia, na Mashavu akamwacha alie, maana machozi nayo ni dalili kwamba mtu anapumua.

Ijumaa saa sita uwanja ulijaa. Ngoma, vigelegele, wavukaji kumi na mmoja wamepangwa mstari, Faki wa kwanza. Bwana Hainihusu alisoma jina lake kwa fahari, akasema ndiye mfano bora wa mwaka, akamnyooshea kata iliyofurika povu. Faki alisogea mbele. Aliipokea. Mashavu, mstari wa mbele, aliuma ukingo wa shuka.

Faki akaiweka kata mezani. Akaweka kadi ya Unga kando yake. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kadi ya pili, akailaza juu ya meza ileile.

"Naitwa Faki Shaame," akasema. "Na huyu Mwinyi pia ni mimi. Asubuhi nakunywa sharubati ya hapa, na vidonge vya pale, na jioni nakunywa gongo. Sijapona. Ninataka kupona."

Ngoma zikakatika. Bwana Nendakule akaja mbio na daftari, akalifungua, akainua macho. "Mwinyi! Mwinyi ndiye mfano bora wetu wa mwaka!"

"Hawezi kuwa," akasema Bwana Hainihusu, upole ukiwa umemtoka. "Kisheria mtu mwenye kadi mbili hayupo. Huyu hayupo!"

"Haya," akasema Mashavu kwa sauti yake ya kukwaruza, na uwanja mzima ukasikia. "Asiyekuwepo utamfutaje?"

Bwana Hainihusu akazigeuza zile kadi mbili, juu na chini. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa imemgeuka.

Nyuma ya Faki alikuwapo mwanamke mmoja mnene, mvukaji wa pili. Alitazama huku na huku, akainama, akatoa kadi ndani ya kiatu. Akaiweka mezani. Wa tatu akafuata. Wa nne akacheka, akatoa yake kofiani. Walipofika kumi na mmoja, watu waliokuja kutazama tu wakaanza nao kupapasa mifuko yao. Nyumba ya Unga ilikuwa ikitangaza kila mwaka kwamba imeponya watu mia tatu na kumi na mbili, na Nyumba ya Pombe vivyo hivyo, na Wapandembili wakajumlisha wakajisifu. Siku hiyo ilionekana mezani kwamba walikuwa watu walewale, kila mmoja kaponywa nusu na kila nyumba, na hakuna aliyeponywa mzima.

Hapo Raya akainuka kitini. Akashika ukingo wa meza yake. "Dada Mashavu, nishikie upande huo."

Wakaibeba. Walivuka nayo uwanja, kadi zikimwagika njiani na watu wakiziokota, wakaitua ubavuni mwa meza ya Pombe, mbao kwa mbao. Raya akakaa, akavuta karatasi safi, akanyanyua macho yaliyochoka.

"Faki bin Shaame. Leo umetumia nini? Vyote."

Na Faki akamwambia.

Baraza lilikutana kwa dharura alasiri ileile. Lilikubaliana kwamba chanzo cha fujo ni meza kuhamishika, na likapitisha kwa kauli moja sheria kwamba meza zote mbili zigongomewe chini, zisisogee milele. Seremala akaitwa. Akauliza, "Zigongomewe wapi?" Karani akamsomea kifungu: zilipo. Seremala akapiga misumari ya inchi sita, akazifunga pamoja pale zilipokuwa, ubavu kwa ubavu. Bwana Hainihusu alisimama anatazama, na kila mtu aliona kuna neno linamkereketa kooni, lakini misumari haikuwa idara yake.

Mashavu alikaa Pandembili siku arobaini na moja. Raya alimpunguzia Faki pombe kidogo kidogo kwa uangalizi wa daktari, vidonge vikafuata, sharubati ikabaki. Haikuwa kazi laini. Siku ya kumi na tatu alificha chupa, siku ya kumi na nne akaja kuisema mwenyewe mezani, na Raya akaandika bila kuguna. Mashavu alifua nguo za nusu ya mji na kumtazama mdogo wake akipumua. Kila pumzi iliyofuata nyingine kwa wakati wake ilimpa raha ambayo hakuwahi kuijua.

Asubuhi ya kuondoka, alisimama foleni pamoja naye.

"Jana umetumia nini?" akauliza Raya.

"Sharubati yangu. Nusu kidonge. Chai ya tangawizi, vikombe vitatu."

"Na kingine?"

Faki alikuna shingo. Shingo ilikuwa imenyooka. Akashusha sauti, lakini foleni nzima ilimsikia.

"Nililala kitandani. Yule seremala kanitengenezea."

Watu wakageuka. Mwenye futi wa Baraza alikuwa hapo karibu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Raya aliikunja karatasi, akamtazama Faki, macho yake hayakuchoka kama zamani.

"Umelala vizuri?"

"Mpaka asubuhi, Bi Raya. Nimeamka."

"Na shuka? Zilikuwa safi?"

"Heh!" akasema Mashavu. "Hilo sasa ndilo swali lisilokuhusu."

Mimi nimeishia hapo. Ukiiona tamu, mgawie mwenzio. Ukiiona chungu, mfuate huyo unayempenda, ukae naye magoti yagusane, umuulize leo ametumia nini. Vyote.